Mgonjwa anapoomba asaidiwe kufa

Mimi ni daktari wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wenye magonjwa mazito, hapa Nairobi. Ombi hili nimelisikia mara nyingi: "Daktari, si unidunge tu sindano nipumzike?" Kwa kawaida hutoka kwa sauti ya chini, jamaa wakiwa wametoka kidogo kwenda famasi.

Sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, na wengine wakadhani mlango umefunguliwa. Haujafunguliwa.

Kwingineko upo wazi. Katika jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1997 mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye madaktari wawili wamekubaliana kwamba hana zaidi ya miezi 6 ya kuishi, anaweza kuandikiwa dawa akainywa mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji, tangu 2002, daktari anaruhusiwa hata kumdunga. Wanaotetea sheria hizi husema mwenye mateso ndiye mwenye uamuzi. Ni hoja nzito, na hainitoshi kuijibu kwa kusema uhai ni wa Mungu, ingawa ndivyo ninavyoamini.

Napinga kuhalalisha jambo hili kwetu leo kwa sababu ya yale ninayoyasikia nikikaa kitini na kumuuliza mgonjwa: "Mama, kinachokusumbua zaidi ni nini?" Mara nyingi ni usiku. Saratani imeingia kwenye mifupa, hawezi kulala ubavu wowote. Huyo anahitaji mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, anywe kila baada ya saa 4, kipimo kipandishwe polepole mpaka maumivu yatulie, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Haina bei ya kutisha. Jirani zetu Uganda waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, na mgonjwa huipata bure. Kwetu bado kuna jamaa wanaoificha chupa kabatini wakiamini kwamba ndiyo itakayomuua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimuui. Vilevile mgonjwa anayekataa kemo au mashine ya kupumulia hajajiua. Ameacha ugonjwa ufuate mkondo wake.

Lakini mofini haimalizi hoja. Ripoti za Oregon zenyewe zinaonyesha kwamba wengi hawatangulizi maumivu. Wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. Hapa kwetu hofu hiyo huja na bili mkononi. "Sitaki wauze shamba kwa ajili yangu," mzee ananiambia, huku watoto wakiendelea kuchangisha kwenye WhatsApp na kila mtu akijua kuna hospitali zinazozuia hata maiti hadi deni lilipwe. Mzee huyo akiomba kufa ili mjukuu asiache shule, mimi nitasaini fomu gani kwamba ameamua kwa hiari yake?

Wapo wachache ambao maumivu yametulia, deni hawana, na bado wanaomba. Hao siwakemei wala siwahubirii. Nawaeleza kwamba siku za mwisho, mateso yakishinda kila dawa, tunaweza kuwalaza usingizi mzito ili wasiyahisi, bila nia ya kufupisha maisha. Wengine hujibu kwamba hilo haliwatoshi, na ninawaamini.