Algoriti ipi bora? Jibu kutoka vituo 59,400 vya maji

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya data wana swali moja ambalo hawaachi kuniuliza: kati ya regresheni ya lojistiki (inayoipa kila sifa uzito wake na kujumlisha), msitu nasibu (miti mingi ya maamuzi, yaani mifuatano ya maswali ya ndiyo au hapana, inayopiga kura) na XGBoost (miti inayorekebisha makosa ya iliyotangulia), nitumie ipi? Huwa nawaelekeza kwenye data ya vituo vya maji vya Tanzania. Ndani yake karibu kila algoriti maarufu, yaani njia ya kompyuta ya kujifunza kutoka data, inapata mahali pa kung'ara na mahali pa kuanguka, na mtu yeyote aliyewahi kupanga ndoo kwenye foleni anaelewa kinachotafutwa.

Data hiyo ilitoka Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, kisha ikawekwa wazi kwa mashindano kwenye DrivenData, tovuti ya mashindano ya data. Sehemu ya kufunzia ina rekodi 59,400. Kila rekodi ni kituo kimoja cha kuchotea maji: bomba la umma, pampu ya mkono au chemchemi iliyojengewa. Vipo vya maji ya mserereko kutoka milimani, vipo vya pampu za mkono aina ya Nira na Afridev. Nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Kazi ni kutabiri hali ya kituo: kinafanya kazi (32,259), hakifanyi kazi (22,824), au kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo (4,317).

Kabla hujafungua maktaba yoyote ya programu, piga hesabu ya kalamu. Ukisema kila kituo nchini ni kizima, bila kuangalia chochote, utapatia kwa asilimia 54. Hiyo ndiyo sakafu. Sasa chukua safu moja tu ya jedwali, yaani sifa moja iliyoandikwa kwa kila kituo: wingi wa maji. Vituo 6,246 vimeandikwa kuwa vikavu, na kati ya hivyo 6,052 havifanyi kazi. Weka kanuni ya mstari mmoja: kikavu kimekufa, vingine vyote ni vizima. Umefika asilimia 64, na hakuna mashine iliyojifunza chochote. Mtafiti Robert Holte alionyesha jambo la aina hii mwaka 1993 kwa data 16 zilizokuwa zikitumika sana wakati huo: kanuni ya safu moja mara nyingi haikuachwa mbali na miti mikubwa ya maamuzi. Mtu akikuletea algoriti yenye asilimia 66 kwenye data hii na furaha tele, muulize kanuni ya mstari mmoja ilipata ngapi.

Msitu nasibu hapa hufika karibu asilimia 80 bila hila nyingi. Miti inayorekebishana, yaani familia ya XGBoost, LightGBM na CatBoost, huenda juu kidogo ya hapo. Regresheni ya lojistiki hubaki nyuma. Wengi huishia hapa, wanachora chati ya nguzo na kumtangaza mshindi. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu chati hiyo haijasema kwa nini mmoja kamshinda mwingine, wala kama ushindi huo utadumu nje ya kompyuta.

Tazama safu ya mwaka wa ujenzi. Rekodi 20,709, zaidi ya theluthi moja, zina sifuri. Hakuna bomba lililojengwa mwaka sifuri. Ina maana mwaka haukujulikana au haukuandikwa. Regresheni ya lojistiki inaisoma sifuri kama namba: kwake kituo hicho kina umri wa miaka elfu mbili, na uzito mmoja wa safu hiyo unalazimika kuwatumikia wazee hao wa kubuni pamoja na vituo vya kweli vya 1960 hadi 2013. Mstari unapinda na makosa yanasambaa kila mahali. Mti wa maamuzi haupati shida hiyo. Unajiuliza tu, mwaka uko chini ya 1960? Sifuri zote zinaenda tawi lao, na huko mti unaendelea kuuliza maswali mengine. Kwa hiyo sehemu ya ule ushindi wa msitu ni uvumilivu wake kwa uchafu wa data. Jaza sifuri kwa mwaka wa katikati, ongeza safu ya pili inayosema "mwaka haujulikani", halafu linganisha tena. Pengo linapungua, na regresheni inaanza kuonekana algoriti ya heshima.

Majirani wa karibu wanahitaji uangalizi zaidi. Algoriti hii haina cha kufunza: inatafuta vituo vinavyofanana na chako na kuiga hali yao. Inafaa sana kwa maji kimawazo, kwa kuwa vituo vya kijiji kimoja hunywa kutoka chanzo kimoja na hufa pamoja chanzo kikikauka. Lakini kufanana kunapimwa kwa umbali, na hapa longitudo inatembea kati ya 29 na 40 wakati mwinuko kutoka usawa wa bahari unazidi mita 2,700. Usipoweka safu zote kwenye kipimo kimoja, tofauti ya mita 50 za mlima itafuta kabisa tofauti ya kilomita mia kadhaa za ardhi, na kituo cha Njombe kitapewa jirani wa Kilimanjaro.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Rekodi 1,812 zina longitudo sifuri, zile za upande wa Mwanza na Shinyanga. Kwenye ramani zinaangukia Ghuba ya Guinea, baharini. Kwa majirani wa karibu, vituo hivyo vyote vimesimama juu ya nukta moja, kila kimoja jirani wa mwenzake, hata kama kwa kweli viko wilaya tofauti. Ukivijaza kwa wastani wa kata au wilaya yao, algoriti inapona. Ukiviacha, unaipima kwa kosa ambalo si lake.

Mashine vekta za tegemeo (SVM), zinazotafuta mpaka wa kutenganisha makundi, nitazipita haraka. Toleo lake lenye kerneli, yaani kipimo cha kufanana, linalinganisha rekodi mbili mbili, na jozi kwenye data hii ni zaidi ya bilioni 1.7. Inawezekana, ila kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini sioni faida inayolipa subira hiyo. Mitandao ya neva, yaani tabaka za hesabu zilizounganishwa, nayo kwenye majedwali ya namna hii, yenye safu mchanganyiko na rekodi makumi elfu, mara nyingi haiipiti miti, na inadai kazi kubwa zaidi ya matayarisho.

Miti inayorekebishana ndiyo ninayoitumia zaidi, na ndiyo inayohitaji mkono makini kwenye safu za majina. Wafadhili wana majina karibu 1,900, wajenzi zaidi ya 2,100, na mengi ni mtu yuleyule aliyeandikwa kwa namna tatu: DANIDA na DANID, Community na Commu, Government na Gover. Ukimpa kila mmoja safu yake, unapata jedwali pana lililojaa sifuri. Njia inayopendwa ni kubadili jina la mfadhili kuwa uwiano wa vituo vyake vilivyokufa. Ni njia nzuri, kwa sharti kwamba uwiano huo ukokotolewe ndani ya sehemu ya kufunzia peke yake. Ukiukokotoa juu ya data nzima, mfadhili mwenye kituo kimoja tu anakuwa ameshavujisha jibu, na algoriti inayokariri vizuri ndiyo itakayoonekana bora. CatBoost ina njia yake ya kukokotoa uwiano huo inayopunguza uvujaji wa jamaa na huo.

Uvujaji unanirudisha kwenye ile safu ya wingi wa maji, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami. Nani aliandika kwamba kituo ni kikavu? Ni mkusanyaji yuleyule, siku ileile, akiwa amesimama pale pale alipoandika kuwa hakifanyi kazi. Aliona bomba halitoi kitu, akajaza safu mbili. Kama lengo lako ni kushinda mashindano, itumie safu hiyo, ni halali. Kama lengo lako ni kumsaidia meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ajue leo, bila kutoka ofisini, kituo gani huenda kimekufa, safu hiyo hutakuwa nayo. Ungekuwa nayo, mtu angekuwa ameshafika huko na usingehitaji utabiri.

Itoe. Kila algoriti inashuka, na umuhimu unahamia kwenye vitu vinavyojulikana kabla ya ziara: aina ya pampu, umri, chanzo, bonde la maji, nani anasimamia. Swali limebadilika, na mpangilio wa washindi unaweza kubadilika nalo. Ndiyo maana sikubali kuulizwa algoriti ipi bora kabla hujaniambia utabiri utatolewa lini, na wakati huo mtabiri atakuwa ameshajua nini.

Jambo la pili ni jinsi unavyogawa data. Kwa kawaida watu huchanganya rekodi zote na kutoa moja ya tano ya kujaribia. Kwa vituo vya maji hilo linafanya mtihani uwe mwepesi kupita kiasi, kwa sababu kituo cha kujaribia kina wenzake wa mradi uleule, mita mia tatu tu, ndani ya sehemu ya kufunzia. Msitu wenye latitudo na longitudo unakata ramani vipande vidogo hadi unakariri vijiji. Gawanya kwa kata au kwa wilaya badala yake, ili wilaya nzima ifichwe wakati wa kufunza, kisha pima. Alama zinashuka, na wanaoumia zaidi ni wanaotegemea ujirani, yaani majirani wa karibu na msitu uliokata ramani. Regresheni isiyojua ramani, inayojua tu kwamba pampu ya aina fulani yenye umri fulani huharibika zaidi, hupoteza kidogo kuliko wao.

Kwa wilaya ambayo haijawahi kupimwa, mimi naanza na regresheni. Kwa wilaya ambayo nusu ya vituo vyake vinajulikana na nusu havijulikani, msitu na ukariri wake wa vijiji ni msaada wa kweli, kwa sababu ujirani huo utakuwepo pia siku ya kazi.

Wakati nao unahesabiwa. Katika data hii vituo 40,507 viko chini ya kamati ya maji ya kijiji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA na kuweka vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, wale wanaoitwa CBWSO, visimamie miradi. Safu ya usimamizi iliyofunzwa kwa dunia ya 2011 inaeleza mpangilio ambao umeshapita. Miti itaitumia safu hiyo kwa bidii ileile na haitakuambia kwamba imepitwa.

Kuhusu tofauti ndogo ndogo: ukijaribu kwa rekodi 11,880, ambazo ni moja ya tano ya data hii, alama ya asilimia 80 inacheza takriban asilimia 0.7 juu au chini kwa bahati tu ya mgawanyo. XGBoost ikipata 80.6 na msitu 80.3, usimfukuze msitu. Chukua rekodi zilezile, angalia zile ambazo mmoja amepatia na mwingine amekosea, uzihesabu pande zote mbili. Ndicho kipimo cha McNemar cha mwaka 1947, na bado kinatosha.

Vile vituo 4,317 vinavyohitaji matengenezo ndivyo vinavyonigusa zaidi. Ni asilimia 7.3 tu, kwa hiyo algoriti inaweza kuvisahau vyote na alama yake isitetereke sana. Na ndivyo inavyokuwa: ukifungua jedwali la makosa unakuta hata msitu mzuri unakamata chini ya nusu yake, vingine unaviita vizima. Lakini kwa fundi, hivyo ndivyo vya kukimbilia. Pampu inayovuja leo inataka mpira na spana. Ikiachwa hadi ife itadai gharama kubwa, na kina mama watakuwa wamesharudi mtoni. Ukiongeza uzito wa kundi hilo wakati wa kufunza, unakamata vingi zaidi na alama ya jumla inapungua. Mimi naipokea hasara hiyo, na naomba mwenye kazi aipokee kwa maandishi kabla sijaanza kulinganisha chochote.

Halafu pima kwa namna kazi itakavyofanyika. Meneja ana gari moja na mafuta ya wiki. Hahitaji kuambiwa hali ya vituo vyote. Anahitaji orodha ya vituo 50 vya kutembelea kwanza. Basi panga vituo kwa uwezekano wa kuharibika, kata 50 vya juu kwa kila algoriti, uhesabu vingapi kweli vilikuwa na tatizo. Hapo uwezekano wenyewe lazima uwe wa kuaminika: msitu ukisema 0.7, vituo saba kati ya kumi vya namna hiyo viwe kweli vimeharibika. Regresheni mara nyingi huwa karibu na ukweli huo tangu mwanzo, miti huhitaji uwezekano wake usawazishwe kwa data iliyowekwa pembeni, ambayo haikutumika kufunza.

Na kati ya nafasi hizo 50, kumi zijazwe na vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, si na algoriti. Mafundi wakirudi na majibu, yale kumi ndiyo yatakayokuonyesha vituo ambavyo modeli haikuvishuku kabisa. Bila hayo, data ya kufunzia ya mwaka ujao itajaa vituo ambavyo modeli ilishavishuku tayari, na kila ulinganisho utakaofanya juu yake utaipendelea algoriti uliyoichagua mwaka huu.