Baada ya "to", "-ing" si kosa

Kanuni hii ya Kiingereza imekaririwa madarasani miaka nenda miaka rudi: ukishaandika "to", kitenzi kinachofuata kiwe kitupu, bila "-ing". Ndiyo maana barua nyingi za kuomba kazi huishia na "I look forward to hear from you". Sahihi ni "hearing".

Kiingereza kina "to" mbili. Ya kwanza hutangulia kitenzi: "I want to eat". Ya pili ni kihusishi, sawa na "in" au "about", na kihusishi hudai jina (nomino). Kitenzi kikitaka kukaa hapo, huvaa "-ing" na kuwa kitenzi-jina. Ukitaka kuzitofautisha, weka jina la kawaida mahali pa kitenzi. "I look forward to Friday" inakubalika, kwa hiyo andika "to hearing". "I want to Friday" haisemeki.

Jozi inayosumbua zaidi ni hii: "I used to wake early" ni desturi iliyokwisha, "I am used to waking early" maana yake nimezoea, na bado naamka mapema. Hapo "am" na "-ing" ndizo zinazobeba tofauti, si pambo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunateleza kwa sababu inayoeleweka. Kwetu "ku-" hufanya kazi zote mbili: "nataka kuimba", na pia "kuimba kwake kunapendeza". Umbo halibadiliki, basi hatulitafuti. Misemo mingine yenye "to" ya pili ni "object to", "be committed to" na "be opposed to". Hiyo, kwa kweli, ikariri tu.