Je, wajua kwa nini basi jekundu huwa jeusi alfajiri?

Anayefika stendi ya Kange, jijini Tanga, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, akayatazama mabasi yaliyoegeshwa mbali na taa, ataona jambo ambalo wengi hulipita bila kulijali. Basi jekundu, lile ambalo jana alasiri liliwaka kiasi cha kutambulika tangu lilipokata kona, limekuwa jeusi kama chungu cha jikoni. Jirani yake la bluu, ambalo mchana lilionekana limepooza, limepata weupe fulani wa kijivu, kana kwamba limeoshwa usiku. Hakuna aliyepiga rangi mpya. Kilichobadilika ni nini, basi, mwanga au mtazamaji?

Wapenzi wa mabasi, na Tanga haina upungufu wa watu hao, wanaweza kubishana juu ya rangi za ubavuni kuliko wanavyobishana juu ya injini. Wako wanaotaka bodi nzima ipigwe rangi moja kali, kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma, na jina liandikwe kwa herufi nene. Wako wanaopenda michirizi na stika, tai aliyekunjua mbawa akianzia kwenye tairi la mbele na kuishia juu ya dirisha la mwisho. Wako pia wanaoshikilia bodi nyeupe yenye ukanda mmoja tu, na hao huambiwa na wapinzani wao kwamba wanataka kusafiri kwa gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza, tena wa nyekundu, na hoja yangu niliiona haina jibu: nyekundu ndiyo rangi inayoonekana mbali kuliko zote, kwa hiyo inafaa kwa biashara na kwa usalama vilevile. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya utingo kwa miaka mingi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Njoo uliangalie alfajiri, mwanangu.” Nilidhani ananikwepa.

Kosa langu lilikuwa na sababu zinazovutia, ndiyo maana inafaa kulifumua uzi kwa uzi. Sababu ya kwanza ilikuwa taa. Taa za breki ni nyekundu, taa ya kusimamisha magari njia panda ni nyekundu, na hata bendera ya hatari ni nyekundu, basi nikahitimisha kwamba rangi hiyo ina nguvu ya pekee ya kusafiri. Sikutofautisha taa na rangi ya kupaka. Taa hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali rangi ya basi haina chochote chake: hukopa mwanga unaoiangukia, ikala sehemu kubwa na kurudisha iliyobaki. Rangi nyekundu hula karibu bluu na kijani zote, ikarudisha ule upande mwekundu tu. Mkopo ukiwa mdogo, kama ilivyo kabla ya mapambazuko, marejesho yake huwa kidogo zaidi.

Sababu ya pili niliitoa kwenye fizikia niliyoisoma nusunusu. Ni kweli kwamba hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, na ndiyo maana jua linalotua huwa jekundu. Lakini mwanga wa jua linalotua umepita katika hewa nyingi mno, wakati basi lililoko mwisho wa stendi liko mita mia chache tu kutoka kwa mtazamaji, na katika umbali huo tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haifai kuitegemea. Nilikuwa nikiongeza kwamba hata kwenye ukungu, kama ule wa milima ya Usambara, nyekundu ndiyo hupenya. Hilo nalo halisimami, kwa kuwa matone ya ukungu ni makubwa yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, na hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ukungu ungekuwa unachagua rangi, usingekuwa mweupe.

Sababu ya tatu ilikuwa mabasi mekundu ya London. Nilidhani wenye mabasi yale walifanya hesabu ya kuonekana wakafikia nyekundu. Kumbe kampuni ya London General Omnibus ilichukua rangi hiyo mwaka 1907, enzi ambayo kampuni nyingi ziligombea abiria katika barabara zilezile, ili magari yake yatofautike na yale ya wapinzani. Shirika la usafiri wa jiji hilo, lililoundwa mwaka 1933, likairithi. Wekundu ule ulikuwa chapa ya kampuni kabla ya kuwa sifa ya jiji.

Sasa tuje kwenye jicho lenyewe, maana huko ndiko basi jekundu linakozimikia. Nyuma ya jicho kuna retina, yenye seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Za kwanza zina umbo la pia, ile wanayoizungusha watoto, nazo ni kama milioni 6 katika kila jicho. Za pili zina umbo la fimbo, nazo hukadiriwa kufika milioni 120.

Mfano unaosaidia ni wa ghala la mkonge lenye walinzi wawili. Mlinzi wa mchana, yaani zile seli za pia, ni mjuzi wa madaraja: atakuambia singa hizi ni nyeupe, hizi zina umanjano, zile zimepauka. Ujuzi wake una sharti moja, apate mwanga wa kutosha, la sivyo husinzia. Mlinzi wa usiku, yaani seli za fimbo, hutosheka na mwanga wa nyota, ila hajui madaraja. Taarifa yake ina maneno mawili tu, pana weupe au pana weusi. Zaidi ya hapo, kila mmoja amekaa kwenye mlango wake. Mlinzi wa mchana huamshwa kwa urahisi zaidi na mwanga wa kijani inayokaribia manjano, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Wa usiku amesogea upande wa bluu, kwenye nanomita 507 hivi. Wekundu uliokolea, kuanzia nanomita 640 au zaidi, hugonga mlango ambao mlinzi wa usiku hakai kabisa. Akiulizwa kama kuna mtu, atajibu hakuna, na kwa upande wake hakusema uongo.

Alfajiri ndipo walinzi hawa wanapokabidhiana zamu. Wa mchana bado anapikicha macho, kwa hiyo ubongo unategemea taarifa za yule wa usiku, naye anaripoti kwamba basi la bluu lina weupe na mahali pa basi jekundu pana giza. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, aliliandika jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1825, baada ya kuona jinsi nyekundu inavyochelewa kurudi asubuhi wakati bluu imekwishafika. Mpaka leo badiliko hilo huitwa kwa jina lake.

Asiye na basi anaweza kujaribu kwa kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo harusi ya pwani haiikosi. Ianikwe kambani mahali pasipo na taa, na mtazamaji akae gizani kama dakika 20 au 30 kwanza, kwa kuwa mlinzi wa usiku hachangamki haraka. Simu isiwashwe, maana mwangaza wake huharibu kazi yote. Kitakachoonekana ni nyeupe peke yake, vidoa na mikunjo yake, huku nyekundu na nyeusi zikiwa kitambaa kimoja kisicho na maua. Mbingu inapoanza kupauka, nyekundu hujitenga polepole na nyeusi, kwanza ikiwa kama damu ya mzee, kisha ikakolea mpaka mchoro wote ukarudi.

Waliolifikiria jambo hili mapema kwa ajili ya mabasi ni Wamarekani. Mwaka 1939 Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliitisha mkutano wa kuweka viwango vya mabasi ya shule, na ukutani zikatundikwa rangi zipatazo 50, kuanzia manjano ya ndimu hadi nyekundu ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Walichagua manjano yenye uchungwa kwa mbali, kwa sababu herufi nyeusi juu yake husomeka vizuri katika nusu giza la asubuhi, saa ambayo wanafunzi husimama barabarani.

Kudai kwamba rangi hupunguza ajali ni jambo jingine, na hapa inabidi kwenda taratibu. Uchunguzi wa magari ya zimamoto ya jiji la Dallas, uliochapishwa mwaka 1995, uliona kwamba yale ya manjano ya ndimu na nyeupe yaligongana na magari mengine mara chache kuliko mekundu. Huo ulikuwa uchunguzi wa jiji moja, na magari ya zimamoto si mengi kiasi cha kutoa hesabu ya kumaliza ubishi. Isitoshe, gari lililomulikwa na taa za mwenzake hupata mwanga wa kumwamsha mlinzi wa mchana, nalo likarudi kuwa jekundu palepale. Kwa mabasi ya mikoani, yaliyoruhusiwa tena kusafiri usiku tangu mwaka 2023, viakisi mwanga vilivyobandikwa ubavuni na nyuma huenda vina kazi kubwa kuliko rangi yoyote ya bodi.

Ubishi wa stendi, hata hivyo, nauelewa tofauti sasa. Sisi wa nyekundu tulikuwa tukipiga picha alasiri, jua likiwa limelala na mwanga wake wenyewe una wekundu, saa inayoipendelea rangi yetu kuliko zote. Yule mzee alilijua basi kwa saa ya kupakia mizigo. Wa bodi nyeupe walikuwa na haki zaidi ya nilivyowahi kukubali, maana weupe hausubiri zamu ya mtu.

Nilikwenda Kange alfajiri, kama nilivyoagizwa. Kulikuwa na basi jeupe lenye jina la herufi nyekundu, na herufi zile, kwa kugeuka nyeusi juu ya weupe, zilisomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote pale uwanjani. Tangu siku hiyo nasema nyekundu iwekwe kwenye herufi na bodi iachwe nyeupe. Wenzangu wa zamani wameanza kuniuliza nimelazwa wadi gani.