Eti Washington iliwalazimisha walezi wapokee watoto wa LGBTQI? Isomeni kwanza

Hii ishu ikiibuka tu watu wanarushiana maneno kuhusu kanuni ambayo hata hawajaifungua. Haya, twende.

Linalosemwa sana ni kwamba serikali ya Biden kule Marekani ililazimisha kila familia, mpaka za wachungaji, zipokee watoto wa LGBTQI (yaani watoto ambao wenyewe wanavutiwa na jinsia yao, wanajitambulisha kwa jinsia tofauti na ya kuzaliwa, na kadhalika). Hapana bwana. Kanuni ilitoka Aprili 2024 kwenye wizara ya afya ya serikali kuu na mzigo waliobebeshwa ni majimbo, yaani jimbo likila hela ya serikali kuu ya malezi ya kambo (mtoto anaondolewa kwao, anakaa na familia nyingine kwa muda) lazima liwe na nyumba za kutosha ambazo zenyewe zimekubali kumlea mtoto wa LGBTQI na walezi wake wamepata mafunzo. Hutaki kuwa nyumba ya namna hiyo? Huwi, na mashirika ya dini hivyohivyo. Kilichokatazwa kwa wote ni kumnyanyasa mtoto, na sidhani kama kuna mtu mzima na akili zake atapinga hilo.

Wengine wanasema watoto wangekuwa wanahojiwa "wewe ni nani". Wapi! Mtoto yeyote wa miaka 14 na kuendelea angeambiwa tu kwamba nyumba kama hizo zipo na anaweza kuomba, basi, halazimiki kujieleza kwa mtu. Na kama yuko kwa shangazi yake na anapapenda, anabaki, shangazi akitaka mafunzo anapewa.

"Si ni watoto wachache tu?" Sio wachache. Utafiti wa California uliotoka 2019 ulikuta karibu asilimia 30 ya vijana walio kwenye malezi ya kambo wanajitambulisha hivyo, wakati kwa vijana kwa ujumla ni kama 11. Baadhi yao walitimuliwa nyumbani kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo ukimpeleka tena nyumba itakayomtimua hujamsaidia kitu.

Halafu kuna wanaotaja kesi ya jiji la Philadelphia ya 2021, shirika la Kikatoliki la malezi ya kambo lilishinda jiji 9 kwa 0 Mahakama ya Juu ya Marekani, eti sasa ruksa kuwakataa hawa watoto. Ile kesi ilihusu shirika kukataa kuwapitisha wapenzi wa jinsia moja wanaotaka kuwa walezi, mtoto hayumo kabisa! Na shirika lilishinda kwa sababu mkataba wa jiji ulimruhusu bosi wa idara kuwasamehe wengine wasifuate sharti la kutobagua, ni ushindi mwembamba.

Na wanaodhani kanuni inafanya kazi leo, pole. Majimbo yalipewa mpaka Oktoba 2026, Texas ikakimbilia mahakamani 2024, mwaka uliofuata jaji wa huko akaisimamisha. Kwa hiyo mtoto anategemea jimbo alilopo, California wana sheria yao dhidi ya ubaguzi tangu 2003.

Ila wanaolalamikia kulazimishwa wana pointi sehemu moja, na ni kwenye majimbo. Oregon ilitaka kila mwombaji aahidi kuuheshimu na kuuunga mkono utambulisho wa mtoto, mama mmoja Mkristo aliyetaka kuasili watoto akakataa, akanyimwa kibali. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikampa ushindi, 2 kwa 1. Hiyo ndo mjadiliane.