"Moja na nusu" ya nini? BTU, tani, HP na kilowati za kiyoyozi

Shemeji yangu aliishi Muscat miaka kumi na moja. Aliporudi Dar es Salaam akajenga, na kwa sebule yake ya mita 6 kwa 5 akataka kiyoyozi kama kile alichokizoea kule. Akaenda dukani akasema, "Nataka ya moja na nusu." Akapewa ya moja na nusu, ikafungwa, na Februari nzima familia ikakaa sebuleni jasho likiwatoka.

Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Kule Muscat ukisema moja na nusu, watu wanaelewa tani. Huku muuzaji alielewa HP. Tani moja na nusu ni BTU 18,000, na HP moja na nusu, kwa lugha ya madukani kwetu, ni BTU 12,000. Theluthi nzima ya ubaridi ilipotea kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyelitamka.

Nimeona wengi wakipoteza pesa kwa njia hii, ndiyo maana naandika. Vipimo vyenyewe si vigumu, ila lazima kwanza ujue vinapima nini.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kuchota joto lililomo chumbani na kwenda kulimwaga nje, kama pampu inavyotoa maji kisimani. Ukinunua pampu unauliza inatoa lita ngapi kwa saa. Kwenye kiyoyozi swali ni lile lile: kinatoa joto kiasi gani kwa saa? Namba kubwa iliyoandikwa kwenye katoni ndiyo jibu, ingawa maneno "kwa saa" mara nyingi huachwa. BTU 12,000 maana yake ni BTU 12,000 kila saa.

BTU moja ni joto la kupandisha ratili moja ya maji, yaani gramu 454 hivi, kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Ni joto dogo, karibu sawa na la kijiti kimoja cha kiberiti kikiungua chote. Kwa hiyo mashine ya BTU 12,000 inatoa chumbani, kwa saa moja, joto la vijiti elfu kumi na mbili.

Tani ndiyo ina historia ninayoipenda zaidi. Haihusiani kabisa na uzito wa mashine. Huko Marekani katika karne ya 19, barafu ilikatwa kwenye maziwa na mito wakati wa baridi, ikahifadhiwa kwenye maghala na kuuzwa kwa uzito. Mashine za kupoza zilipoingia, wateja walitaka kujua jambo moja: hii itanifanyia kazi ya barafu kiasi gani? Basi tani moja ya upozaji ikawa ni kazi ya tani moja ya barafu inayoyeyuka kwa siku nzima. Tani yao ni ratili 2,000. Kila ratili ya barafu ikiyeyuka inameza BTU 144. Zidisha, unapata 288,000 kwa siku. Gawanya kwa saa 24, unapata 12,000 kamili. Kumbe ile 12,000 tunayoiona kila duka la Kariakoo ni barafu ya watu wa zamani.

HP ndiyo yenye matatizo. Nguvu ya farasi ni kipimo halali cha injini, na HP moja ni wati 746. Ukiibadilisha moja kwa moja kuwa BTU, HP moja na nusu inakupa takriban 3,800 tu, mbali kabisa na 12,000. Sababu ni kwamba HP ilikuwa ikizungumzia mota ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, siyo joto linalotolewa chumbani. Siku hizi madukani imebaki kama saizi ya shati: HP 1 ni BTU 9,000, HP 1.5 ni 12,000, HP 2 ni 18,000. Hayo ni mazoea ya biashara, na mazoea hayana fomula. Muuzaji akikutajia HP peke yake, mwombe namba nyingine.

Namba ninayoiamini ni kilowati. Kilowati moja ya upozaji ni BTU 3,412 kwa saa. Hivyo BTU 9,000 ni kW 2.64, 12,000 ni 3.52, 18,000 ni 5.28, na 24,000 ni 7.03. Kama huna kikokotoo, chukua maelfu ya BTU, zidisha kwa 3, gawanya kwa 10. Kumi na mbili mara tatu ni 36, inakuwa 3.6. Imezidi kidogo, lakini kwa kulinganisha mashine mbili dukani inatosha.

Hapa kuna mtego mmoja. Tazama kibandiko kilichopo ubavuni mwa mashine ya nje. Utakuta kilowati mara mbili. Moja, tuseme 3.52, ni joto linalotolewa. Nyingine, tuseme 1.09, ni umeme unaoliwa, na hiyo ndiyo inayokula yuniti zako za Luku, umeme wa kulipia kabla: yuniti 1.09 kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi kwa nguvu zake kamili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 3.2. Yaani kwa kila kilowati ya umeme unayolipia, kilowati 3.2 za joto zinatoka nje. Mashine mbili za BTU 12,000 zinaweza kutofautiana sana hapo, na katoni zao zikafanana. Kwenye mashine za inveta, zinazoweza kupunguza na kuongeza kasi ya kompresa zenyewe, utaona pia mabano yenye kiwango cha chini na cha juu. Soma namba iliyo nje ya mabano.

Baada ya kubadilisha vipimo, kumbuka joto linatoka wapi. Mafundi wengi hukadiria BTU 600 kwa kila mita ya mraba, na sebule ya shemeji yenye mita 30 inadai 18,000 kwa hesabu hiyo. Lakini mtu mzima aliyekaa tu anatoa wati 100 hadi 120 za joto. Watu thelathini kwenye ukumbi wa kikao wanaweza kuimaliza mashine nzima ya 12,000 kabla jua halijagusa bati.

Halafu kuna unyevu, hasa kwa sisi wa pwani. Weka ndoo chini ya lile bomba dogo linalodondosha maji nje. Ukikuta lita moja imejaa kwa saa moja, ujue BTU 2,300 hivi zimetumika kugeuza mvuke wa hewani kuwa maji, na hazikushusha nyuzi hata moja kwenye kipimajoto. Ndiyo maana mashine ile ile Dodoma inaonekana ina nguvu kuliko Dar au Mombasa. Kazi hiyo si hasara, kwa sababu hewa kavu ndiyo inayokausha jasho, lakini lazima uihesabu.

Shemeji alinunua nyingine ya kW 5.28, safari hii akiwa ameandika namba kwenye karatasi. Ile ya kwanza ilihamishiwa chumba cha mama, mita 4 kwa 4, na sasa mama usiku anaomba shuka la pili.