Arifa za Makosa za Seva ya Barua Pepe: Usizime Zote

"Fundi, zizime zote, zinamsumbua bosi." Katika hoteli zenye seva zake za Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua pepe), kuanzia Malindi mjini hadi Watamu, ombi ni hilohilo. Wengine hunipigia simu wakiwa wameshaielekeza anwani ya postmaster, yaani ya msimamizi wa barua, kwenye /dev/null, shimo la kutupia kila kinachoingia. Jamani, msifanye hivyo! RFC 5321, waraka wa kanuni za barua pepe, inaitaka kila seva inayopokea barua iwe na anwani hiyo, na arifa si ugonjwa wa seva.

Postfix isiyoguswa humwandikia msimamizi kwa mambo mawili tu: resource, yaani matatizo ya rasilimali kama seva kushindwa kuandika barua kwenye diski, na software, yaani programu kukwama. Mkiona arifa zinamiminika usiku kucha, kuna mtu aliongeza aina nyingine: protocol, policy au bounce. Mbili za kwanza huleta mazungumzo ya kila roboti la barua taka lililokosea au kukataliwa. Ya tatu huleta nakala za vichwa vya barua zilizorudi. Ondoeni hizo. Ndani ya main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, ibaki hivi:

notify_classes = resource, software

Kisha toeni amri postfix reload ili isome mipangilio upya, basi.

Mkifuta na resource na software, mnajitia upofu. Msimu wa wageni umefika, viambatisho vya picha vimejaza diski, seva inajibu 452 4.3.1, yaani haina nafasi ya kutosha. Kila anayeulizia chumba barua yake inazuiwa huko alikotuma, na mapokezi wanadhani biashara imelala. Arifa ya resource ingewaambia siku ileile.

Eti mkizima, mtumaji hatajua barua yake imerudi? Atajua. Mpangilio huu unahusu nakala ya msimamizi tu.

Eti barua iliyochelewa imepotea? Jibu linaloanza na 4 ni la muda, na Postfix huendelea kujaribu hadi siku 5. Linaloanza na 5 ndilo la kukataliwa kabisa.

Eti zikirudi barua ambazo hamkutuma, mmedukuliwa? Angalieni logi kwanza. Kama hazikupita kwenu, mtu ameghushi anwani yenu. Wekeni SPF, DKIM na DMARC, kinga zinazosaidia seva nyingine kutambua barua za kughushi.

Na bosi hana haja ya kusoma hata hizo arifa mbili. Wekeni error_notice_recipient, yaani anwani ya kupokea arifa, iende kwa anayeshika seva, na awe mtu anayefungua barua zake kila asubuhi.