NoSQL si aina ya kanzidata

Wiki iliyopita, Kijitonyama, nilikaa kwenye kikao cha vijana wanaotengeneza mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mmoja akasimama ubaoni akasema: "Data zetu zina mahusiano mengi sana, kwa hiyo tunatumia NoSQL." Wenzake wakaafiki. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno sasa hapa Dar, na wanaoisema ni watu wanaoijua kazi yao. Ndiyo maana naona haifai kuiacha ipite.

Kanzidata ni hifadhi ya data inayotumiwa na programu. NoSQL ni jina la jumla la kanzidata zisizofuata mtindo wa majedwali yanayoulizwa kwa SQL, lugha ya kuulizia data. Humo mna za ufunguo na thamani kama Redis, za nyaraka kama MongoDB, za safu pana kama Cassandra, na za grafu kama Neo4j. Maana yake ni hiyo tu. Jina linasema kitu hicho si nini, halisemi ni nini. Ukiambiwa mgeni wako si Mzaramo, bado hujui umpikie nini: anaweza kuwa Mhaya, Mmakonde au Mmasai.

Historia ya jina lenyewe inalithibitisha hilo. Mwaka 1998 Carlo Strozzi aliita kanzidata yake NoSQL, na ilikuwa ya majedwali kabisa. Alichokataa ni lugha ya SQL peke yake. Mwaka 2009 Johan Oskarsson alikuwa anaandaa mkutano San Francisco kuhusu kanzidata mpya zilizokuwa zinaibuka, akataka jina fupi la kuutangaza Twitter. Eric Evans akapendekeza NoSQL. Lilikuwa tangazo la mkutano wa siku moja, likageuka jina la kila kitu. Baadaye watu wakalifasiri upya kuwa "si SQL pekee", ili lisionekane la ugomvi.

Lakini kosa linalonisumbua zaidi liko upande wa pili, kwenye neno uhusiano. Wengi wanaamini kanzidata za majedwali zinaitwa za kihusiano kwa sababu jedwali moja linahusiana na jingine. Sivyo. Edgar Codd wa IBM alipoandika makala yake ya kupendekeza mtindo huo mwaka 1970, neno hilo alilichukua kwenye hisabati. Tuliosoma hisabati kidato cha tatu tunaikumbuka ile mada: seti ya jozi ndani ya mabano, (2, 4), (3, 9), (4, 16). Seti hiyo nzima ndiyo uhusiano. Kwa Codd, basi, uhusiano ni jedwali lenyewe, na kila mstari wake ni kama jozi moja, ila yenye vipande vingi zaidi. Jedwali moja likikaa peke yake, bila kugusana na jingine lolote, bado ni uhusiano.

Ukishachanganya hapo, unapotea pande zote mbili. Mmoja atasema NoSQL haina mahusiano, hivyo haifai kwa data zilizofungamana. Mwingine, kama kijana wetu, atasema majedwali yamezidiwa na mahusiano, hivyo NoSQL yoyote itafaa. Yote mawili si kweli.

Chukua swali lao wenyewe, ambalo kwa kweli ni swali zuri. Mwanachama hapati mkopo bila mdhamini. Mama ntilie kadhaminiwa na fundi seremala, fundi kadhaminiwa na muuza mitumba, muuza mitumba kadhaminiwa na mama ntilie yuleyule. Kwenye daftari kila mmoja ana mdhamini. Akikwama mmoja, wote watatu wamekwama. Mfumo unatakiwa uuone mduara huo kabla pesa haijatoka.

Ukiweka kila mwanachama kwenye waraka wake, kwa mtindo wa MongoDB, unasoma waraka, unatoa namba ya mdhamini, unakwenda kutafuta waraka mwingine, unaanza tena. MongoDB ilikuja kuongezewa njia ya kuunganisha nyaraka mwaka 2015, lakini ubora wake uko kwenye kitu kinachosomwa kizima kwa mara moja. Cassandra haiunganishi majedwali kabisa. Kwa swali hili, zote mbili zinashindwa na PostgreSQL, kanzidata ya majedwali, kwani SQL yenyewe ina ulizo la kujirudia, yaani linalofuata mnyororo hatua kwa hatua, tangu kiwango cha mwaka 1999. Kwa kikundi cha watu thelathini, hiyo inatosha na ningeishia hapo.

Vikundi vikiwa maelfu, na mnyororo haujulikani utaishia wapi, ndipo grafu inapostahili. Na si grafu ile ya kupima mvua na mavuno. Hii ni nukta na mistari inayoziunganisha. James Joseph Sylvester aliipa jina mwaka 1878, akilitoa kwenye michoro ya wanakemia ya molekuli. Katika Neo4j, nukta ya mama ntilie inabeba anwani za mistari yake yenyewe. Ukitoka kwake kwenda kwa fundi huhitaji kurudi kwenye faharasa ya wanachama wote, na gharama inategemea mistari uliyoipita, si ukubwa wa kanzidata nzima.

Kijana wetu alikuwa ameona tatizo sawasawa. Neno tu ndilo halikumtosha. Nilimwomba aandike hivi: "Swali letu linafuata mnyororo wa dhamana usiojulikana urefu, kwa hiyo tunajaribu kanzidata ya grafu, tukiilinganisha na PostgreSQL." Akaandika, kisha akauliza dhamana yenyewe iwe mstari au nukta. Nikamwambia mstari unaweza kubeba kiasi na tarehe, kwa hiyo aanze na mstari. Ila kama dhamana moja inashikwa na watu wawili kwa pamoja, aifanye nukta.